Pikipiki Iliyomzidi Kezia Kimo

Kila zamu ya chanjo ilipofika, Kezia alishindana na kuku, na kuku walimshinda.

Kezia alikuwa mchanjaji wa kuku katika kata ya Bugarama, wilayani Ngara. Wanakijiji wenyewe walimchagua, kisha akapewa mafunzo. Kazi yake ilikuwa kuweka tone moja la dawa katika jicho la kila kuku, ili kumkinga na ugonjwa wa mdondo. Kazi nyepesi, utasema. Jaribu basi! Kuku hushikwa kirahisi akiwa bado bandani, kabla hakujapambazuka vizuri. Akishafunguliwa, utamfukuza kwenye migomba mpaka ukome. Na dawa yenyewe haitaki joto. Inakaa ndani ya kiboksi chenye barafu, na barafu haimsubiri mtu.

Kezia alikwenda kwa miguu. Kwa majirani alifika mapema. Lakini katika kitongoji cha ng'ambo, juu ya kilima, alifika jua likiwa kali. Kuku walikuwa wametawanyika na barafu imekuwa maji. Aliambulia kuku wachache tu. Mdondo ulipoingia, wengi walikufa. Mama mmoja wa huko, Secilia, alibaki na banda tupu.

"Usirudi hapa na maji yako ya moto," Secilia alimwambia. "Kuku wangu wamekwisha. Unataka kuchanja nini, mawe?"

Maneno hayo yalimuuma Kezia, kwa sababu yalikuwa na ukweli. Jioni ile alimwambia mumewe, Anatoli.

"Baba Irakoze, nahitaji pikipiki. Nikichelewa tena ng'ambo, hawatanifungulia mlango kabisa."

"Utaipata," Anatoli alijibu. "Tukishauza kahawa, utaipata."

Anatoli hakuwa mchoyo. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alijua kila kitu. Alijua mvua itanyesha lini. Alijua fundi gani ni mwongo. Na pikipiki, basi, usimwambie kitu. Alipokuwa mtoto, aliona maafisa wa mashirika ya wakimbizi wakipita Ngara juu ya pikipiki ndefu zenye mngurumo mzito. Zilipanda vilima bila kusita. Tangu hapo, kwa Anatoli, pikipiki ilikuwa ile. Nyingine zote zilikuwa baiskeli zenye kelele.

Kezia alijifunza kuendesha kwa kaka yake, akapata na leseni. Kahawa ikauzwa. Siku ya kununua, alijifunga kitenge, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Anatoli aliuliza.

"Si tunakwenda mjini Benaco kununua pikipiki?"

"Mambo ya pikipiki niachie mimi, Mama Irakoze. Wewe kaa, upumzike."

Kezia hakupumzika. Alipalilia maharage siku nzima, amekasirika.

Jumapili yake, baada ya misa, alisikia makofi nje ya kanisa. Akatoka. Anatoli alikuwa amesimama kando ya pikipiki ndefu, nyeupe, iliyofungwa utepe kwenye usukani. Padri Desderius alikuwa akiinyunyizia maji ya baraka. Watu walishangilia. Kezia naye alipiga makofi, angefanya nini? Lakini macho yake yalikuwa kwenye siti. Siti ilimpita kiuno.

Nyumbani alipanda. Mguu wa kushoto uligusa ardhi kwa ncha ya vidole. Wa kulia ulining'inia.

"Siifikii," alisema.

"Utazoea," alisema Anatoli.

"Miguu haizoei, Baba Irakoze! Miguu ni hii hii!"

"Maafisa wa shirika walizoea."

"Maafisa wa shirika walikuwa warefu kama nguzo za umeme!"

Asubuhi ya zamu, Kezia alivaa kofia ngumu, akafunga kiboksi kwenye keria, akaondoka. Barabarani alikwenda vizuri, hata akaanza kuamini kwamba mumewe hakukosea. Kisha akaingia njia ya mlimani. Katikati ya mteremko, mbuzi walikatiza. Alifunga breki, akashusha mguu. Mguu ulitafuta ardhi, haukuipata. Pikipiki ililala, na Kezia akalala nayo.

Hakuvunjika, namshukuru Mungu kwa niaba yake. Lakini goti lilichubuka, kiboksi kilipasuka, na chupa ya dawa ikasagika kwenye jiwe. Alijaribu kuinua pikipiki. Ikainuka kidogo, ikarudi chini. Akajaribu tena, ikagoma. Alikaa kando yake, akalia kwa hasira, mpaka watu wawili waliokuwa wakienda shambani walipomsaidia. Kitongoji cha ng'ambo hakikuchanjwa siku ile.

Alirudi nyumbani akichechemea.

"Irudishe kwa aliyekuuzia," alimwambia mumewe.

Anatoli alishtuka. "Nirudishe? Nitairudishaje? Imeshabarikiwa!"

Kezia alimpa mgongo. Aliingia jikoni, akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Kesho yake alikuja Diana Shibuda, afisa mifugo wa kata. Diana ni Msukuma aliyekulia Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, katika ukoo wa wafugaji. Pikipiki ni miguu yake; kila siku yuko njiani. Alikuwa amesikia habari ya ajali. Alimpa Kezia pole, akaizunguka ile pikipiki, akamgeukia Anatoli.

"Nani aliijaribu kabla ya kununua?"

"Mimi," Anatoli alisema, amevimba kidogo. "Nilipanda nayo mpaka kileleni."

"Na nani anayeiendesha?"

Anatoli alikohoa.

"Hii si mbovu, kaka," Diana aliendelea. "Ni nzuri kwa mtu mrefu mwenye nguvu. Lakini dada Kezia anasimama mara nyingi, tena kwenye mteremko, tena ana mzigo nyuma. Lazima nyayo zake zifike chini. Angalau nusu ya unyayo, miguu yote miwili. Na kitu cha pili: lazima aweze kuiinua mwenyewe ikianguka. Njia za huku, kila mtu huanguka siku moja. Mimi nimeshaanguka. Ukishindwa kuiinua, utalala porini nayo."

"Basi tununue ya bodaboda," alisema Anatoli. "Zile ni fupi. Yaishe!"

"Hayataisha. Ile ni ya barabarani. Tumbo lake liko chini, litagonga mawe. Madgadi ya mbele, hilo kava la kuzuia tope, imekaribiana na tairi. Udongo wetu mwekundu ukilowa, unajaa pale na gurudumu halizunguki. Anahitaji pikipiki ya njia zote mbili: ya barabarani na ya mlimani. Tumbo juu, madgadi juu, lakini nyepesi, na siti isiyomzidi."

"Injini ndogo hiyo! Itapanda kilima?"

"Gia ya kwanza itapanda. Kwani anabeba matofali? Anabeba kiboksi na nafsi yake."

Kezia alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Anatoli hakucheka.

"Lakini imebarikiwa," alisema kwa sauti ya chini.

Diana aliinua mikono. "Hapo mimi sina dawa. Nendeni kwa Padri."

Walikwenda. Padri Desderius alikuwa bustanini kwake, akimwagilia kabichi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Goti linaendeleaje, Kezia?"

Anatoli alieleza kwa kirefu. Alieleza maji ya baraka, utepe, makofi, na aibu ya watu. Padri alisikiliza mpaka maji ya ndoo yakaisha.

"Anatoli, mahindi yako huwa nayabariki?"

"Ndiyo, Padri. Kila mwaka."

"Na ukishavuna unayafanyaje?"

"Tunakula. Mengine nauza."

"Nimewahi kukukataza kuuza?"

Anatoli alitazama kabichi.

"Nilimwombea mkeo asafiri salama," Padri alisema. "Wewe umempandisha juu ya kitu kinachomwangusha, halafu unanisingizia mimi. Nenda kabadilishe. Na safari hii nenda naye!"

Walikwenda Benaco wote watatu, Diana akiwa mbele. Muuzaji, Frednand, alinuna kidogo. Lakini pikipiki ndefu ilikuwa na wateja wengi, akakubali kubadilishana. Alileta mbili nyepesi, zote za njia mbili: moja ya bluu na moja nyekundu.

"Chukua ya bluu," Anatoli alisema papo hapo. "Ona taa zake!"

"Baba Irakoze," alisema Kezia, "nyamaza kidogo."

Alipanda ya bluu. Vidole viligusa vizuri, lakini visigino vilibaki juu kabisa. Tairi zake zilikuwa na meno makubwa ya matopeni.

"Hizo zinashika tope vizuri sana," Diana alieleza. "Lakini lami ikilowa, zinateleza, na zinakwisha haraka. Wewe dawa unaichukua mjini. Nusu ya safari yako ni barabara."

"Na spea?" Kezia alimuuliza Frednand.

"Spea zipo," alisema Frednand.

"Wapi?"

"Zinaagizwa."

"Kutoka wapi?"

"Mbali kidogo."

Alipanda nyekundu. Nyayo zilifika, visigino vikabaki juu kidogo tu. Tairi zilikuwa na meno ya wastani, ya tope na lami. Taa, indiketa, honi na vioo vilikuwa vizima. Fundi wa jirani alisema spea zake anazo dukani, hata klachi.

Diana hakutosheka. Alifunga mfuko wa mchanga kwenye keria, wenye uzito wa kiboksi kilichojaa. Wakaenda kwenye kilima cha karibu. Kezia alipanda kwa gia ya kwanza, akasimama katikati, akashusha mguu. Ulifika. Akaondoka tena bila kurudi nyuma. Kisha Diana akazima injini na kuilaza pikipiki kwenye nyasi.

"Jamani, mtaniharibia mali!" Frednand alipiga kelele.

"Iinue," Diana alimwambia Kezia. "Ipe mgongo. Shika usukani kwa mkono mmoja, keria kwa mkono mwingine. Sukuma kwa mapaja, usivute kwa kiuno."

Kezia alisukuma. Pikipiki ikasimama.

"Hii," alisema.

Anatoli aliutazama uso wa mkewe, akaanza kufungua mfuko wa mchanga.

Kabla ya kuondoka walihakikisha kadi imeandikwa jina la Kezia na bima haijapitwa na wakati. Nyumbani, Anatoli mwenyewe alifunga kiboksi kipya, kwa mipira miwili ili kisiruke.

Asubuhi iliyofuata Kezia alipanda kilima na chupa mpya ya dawa, kungali na ukungu. Alisimama kwenye mteremko, akapisha ng'ombe, akaendelea. Alipofika kwa Secilia, alizima injini na kupiga hodi.

"Nani?" sauti ilitoka ndani, yenye usingizi na ukali.

"Kezia wa chanjo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una wazimu? Nina kuku wachache tu, tena nimeazimwa ili nipate mbegu, na hata hawajaamka!"

"Hao hao ambao hawajaamka ndio ninaowataka."

Mlango ulifunguka kidogo. Secilia alitoka amejifunga shuka. Hakusema karibu. Aliingiza mkono ndani ya kiboksi, akashika barafu. Ilikuwa ngumu. Alikaa nayo mkononi mpaka vidole vikauma, kisha akaenda kumfungulia Kezia banda.

Kiangazi kile mdondo ulirudi. Uliua kuku katika vilima vya jirani, watu wakawazika kwa majembe. Kwa Secilia ulipita kando.

Baada ya miezi mitatu, zamu nyingine ilifika. Kezia alipanda kilima kungali giza, akamkuta Secilia amesimama njiani na taa. Nyuma yake walikuwa majirani, kila mmoja na kuku kwapani.

"Umechelewa!" Secilia alifoka.

"Mama, jua hata halijatoka!"

"Kwani tunachanja jua? Shuka upesi, wewe. Kuku wangu ni wengi."