Dakika Moja ya Kutulia

Walikuwa wameshafika kona ya pili, Tiara amepakiwa nyuma ya baiskeli ya shangazi yake, na mama bado anapiga kelele mlangoni.

"Wifi! Huyo mtoto hajanywa chai!"

"Atakunywa huko huko!" shangazi alijibu bila kugeuka, akazidi kukanyaga pedali.

Tiara aliitwa hivyo kwa utani, kwa kuwa alikuwa hatulii, kama tiara ya karatasi kwenye upepo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hata akikaa kitini lazima atikise kitu: mguu, kidole, nyusi. Ndiyo maana shangazi, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, alimchagua acheze siku ya mtihani wake. Walikuwa wamefanya mazoezi wiki tatu. Saa nne asubuhi hiyo profesa angekuja kuitazama kazi. Kazi hiyo ikikwama, shangazi angerudia mwaka mzima.

Studio ilikuwa chumba kikubwa cha kuta nyeupe, kamera darini, spika ndefu kumzidi mtu. Mchezaji hufungwa vifaa vidogo kama viberiti, mikononi na miguuni. Akipunga mkono, spika zinalia. Akiruka, rangi zinatapakaa ukutani kama mtu kamwaga ndoo.

Aliyevifunga ni Fundi Waya, mzee mwembamba kama waya zake.

"Leo usinivunjie mashine, mjukuu."

"Nikivunja utaunga, babu."

Sasa studio hiyo ina desturi yake. Kabla ya kucheza, mchezaji husimama tuli dakika nzima, ili kompyuta ijifunze kimya chake. Kiungo kitakachotikisika katika dakika hiyo, kompyuta hudhani kutikisika ndiko kutulia kwake, na haikitolei sauti tena.

Shangazi aligeukia kompyuta akaanza kuhesabu, fundi naye ameinamia spika. Jamani, dakika ndefu hiyo! Tiara alijikaza mpaka sekunde ya ishirini. Halafu akakiona kivuli chake ukutani. Akainua mkono wa kushoto, akatengeneza sungura. Sungura akatafuna, akatikisa masikio, akarukaruka.

"Umetulia?" shangazi aliuliza, macho bado kwenye kompyuta.

"Kama nguzo, shangazi."

Wakaanza mazoezi ya mwisho. Miguu ikadunda vizuri. Mkono wa kulia ukalia kama vikengele, rangi ya chungwa ikatiririka ukutani. Mkono wa kushoto, kimya. Tiara akaurusha juu, akauzungusha kama anafukuza nyuki. Wapi!

"Babu, ulikagua kweli?" shangazi alimgeukia fundi.

"Mara tatu, mwanangu."

"Basi mbona hakilii? Leo ya leo, babu, unanifanyia uzembe?"

Mzee alibadilisha betri. Akatambaa chini ya meza kukagua nyaya. Akapanda ngazi kuzitazama kamera, magoti yakimlia. Tiara alibaki akizitazama soli za viatu vya mzee kule juu, zimelika upande mmoja. Ilibaki robo saa. Tiara akamvuta shangazi mkono.

"Shangazi, si babu. Ni mimi. Sikutulia."

"Nini?"

"Nilifanya sungura."

"Sungura gani tena?"

Tiara akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha. Kule juu Fundi Waya aliangua kicheko mpaka ngazi ikatikisika.

Shangazi hakucheka. Aliishika ngazi. "Shuka, babu. Nimekuvunjia heshima bure. Nisamehe."

"Yamekwisha. Haya, mtoto asimame upya. Safari hii namhesabia mimi."

Tiara akasimama. Sekunde ya kumi, pua ikamwasha. Ya thelathini, goti likaomba ruhusa. Ya arobaini na tano, mlango ukafunguka na profesa akaingia.

"Habari za—"

Shangazi akainua kidole. Profesa akaganda, mguu mmoja hewani, akiyumba na mkoba wake. Tiara alimwona kwa pembe ya jicho, kicheko kikamjaa mashavuni, akakimeza.

"Sitini!" alipaza sauti Fundi Waya.

Tiara akafyatuka. Mkono wa kushoto ulilia kama filimbi, rangi ya samawati ikauvaa ukuta mzima. Mwishoni profesa mwenyewe alipunga mkono, na alipokuta haulii akaomba naye afungwe vifaa.

Wakati wa chai shangazi alimweka Tiara karibu. "Mashine ilikuamini, nami nilikuamini. Mashine tumeifuta, imeanza upya. Lakini babu yako nilimtukana kwa neno lako moja la uongo, na hilo halina kitufe cha kulifuta. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajapandishwa ngazi."

"Nimesikia, shangazi. Babu, nisamehe."

"Nionyeshe tena huyo sungura," alisema mzee.

Shangazi alifaulu, na sasa anafundisha katika studio ile ile. Profesa alihamia chuo kingine. Fundi Waya amestaafu, anatengeneza redio nyumbani kwake. Baiskeli sasa ni ya Tiara, ambaye yuko kidato cha kwanza na bado hatulii, ila kwa dakika moja anaweza. Mama bado anapiga kelele za chai.