Hotam ya Pelatia

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa natoka kisimani, mtungi begani, niliposikia naitwa kutoka nyumba ya shemeji yangu, Hanuni.

"Zebida... ingia. Tafadhali."

Tangu mavuno, mtu huyu hakunitamkia neno ila matusi. Ndiye aliyeninyang'anya shamba la mizabibu la marehemu mume wangu, Pelatia. Aliwapelekea wazee hati langoni, akadai Pelatia alimuuzia kabla hajafa. Kwenye donge la udongo lililofunga hati ile palikuwa na alama ya hotam, muhuri wa mume wangu: jina lake na tunda la komamanga. Mnajua wenyewe, hapa Libna hotam ya mtu ni mtu mwenyewe. Ukiipiga kwenye hati, umesema. Ukiipiga kwenye mdomo wa mtungi, mtungi ni wako, na hakuna mwingine wa kuufungua.

Lakini hotam ile niliifunga mimi, kwa mikono yangu, shingoni mwa maiti. Nilipowaambia wazee, Mzee Asalia alicheka. "Mama, basi kamlete huyo maiti atoe ushahidi."

Nikaingia.

Nyumba ilinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha miezi mitano. Mitungi ya divai ilipangwa ukutani. Kila mdomo ulikuwa umezibwa kwa udongo wenye alama ya komamanga.

"Nani kaziba?" nikauliza.

"Sijui. Nikibandua, nikageuka tu..." Akafunua shuka aliyojifunika.

Kifua chake kilijaa alama. Jina na komamanga, jina na komamanga, zimedidimia nyamani kutoka kitovuni hadi kooni. Shingoni ilining'inia hotam yenyewe, kwenye kamba niliyoisokota mimi.

"Uliitoa kaburini," nikasema.

"Nilibaki nyuma kufunga jiwe, shetani akanipitia. Shemeji, nikatie kamba hii. Mikono yangu haiwezi kuigusa. Kila jioni inapanda alama moja... Umebaki mdomo."

Leo nimekuwa shemeji. 

"Mwite Mzee Asalia kwanza."

Mzee alikuja na taa. Hanuni alikiri yote, hakubakiza kitu. Asalia akavunja udongo wa hati, akaisoma kimya, kisha akaichoma. "Shamba ni la Zebida," akasema, akatoka bila kuaga.

"Sasa, shemeji. Fanya haraka."

Nikapitisha vidole chini ya kamba.

Palikuwa na vidole vingine.

Vya baridi. Vimeikamata kamba kwa ndani, havitikisiki... Kimoja hakikuwa na ukucha, kama kile cha Pelatia alichokanyagwa na ng'ombe. Sikupiga kelele. Siku waliyoninyima shamba, ni mimi niliyekwenda kaburini, nikaweka mdomo kwenye ufa wa jiwe, nikanong'ona: "Kila kilichopigwa hotam yako ni chako. Kachukue."

Nikautoa mkono wangu.

"Unakwenda wapi?" Hanuni alikuwa analia.

"Nampisha mwenye mali."

Asubuhi walimkuta amekufa, mdomo umejaa udongo, na juu ya udongo, komamanga. Hakuna aliyethubutu kuubandua. Walimzika hivyo hivyo. Hotam haikuonekana. Nilifurahi, siwafichi. Jioni ile ile nikahamia nyumba ya shambani, nikalala fofofo.

Leo nimeamka, mlango haufunguki. Udongo mbichi umejaa kila mahali mlango unapokutana na ukuta, isipokuwa kwenye huu ufa ninaosemea nanyi. Mnasema udongo wa huko nje umepigwa alama ya komamanga. Basi uvunjeni, majirani. Mnangoja nini?

"Hauvunjwi, mwanangu." Ni Mzee Asalia huyo, leo hacheki. "Hati ya Hanuni niliisoma kabla sijaichoma. Ilisema shamba, nyumba, na chochote kitakachokutwa ndani. Na ilipigwa hotam ya mumeo."

Kwa hiyo mnanihesabu mali ya Pelatia. Sawa. Kwa Hanuni sijuti, ningerudia hata leo. Lakini nilitaka shamba nilime, nile jasho langu, mimi mwenyewe... Mzee, kalete nyundo.

Mbona giza linaingia? Jamani, msiuzibe huo ufa.

"Zebida... sisi tuko mbali na mlango."