Mwanamke wa Kiti cha Abiria

Ilianza kwa Valdecir kumtazama mkewe kwenye kioo, hali wamekaa bega kwa bega ndani ya lori. Ivonete akadhani ni utani.

Ilikuwa siku ya nne kwenye foleni ya bandari ya soya, malori yamejipanga kilomita na kilomita katika vumbi jekundu la jimbo la Pará. Sisi tuliokula vumbi lile tunaijua foleni yenyewe: ukisinzia ikasogea, wenzako wanakupita wakikupigia honi za kejeli. Basi Valdecir hakulala. Alimeza vidonge vya kukesha, akavisukuma kwa kahawa, na Ivonete, Mungu amsamehe, ndiye aliyeichemsha.

Adhuhuri akasema ananusa soya inaungua. Akapanda juu ya turubai, akashuka, akasema moto hakuna, ila kuna kitu kinakwaruza bati chini ya kiti. Meno yake yalikuwa yakisagana. Kisha, katika joto lile la kuokea mkate, redio ikikoroma na nzi wakimtembea midomoni wala asiwafukuze, akamgeukia Ivonete taratibu, akamkagua nywele, sikio, pete, kama mtu anayetafuta mshono, akamsogelea mpaka pumzi yake chungu ikamjaa puani.

“Umemvaa vizuri,” akanong'ona. “Sasa niambie, mke wangu umemweka wapi?”

“Valdecir, ni mimi.”

“Hata sauti umeiiba.”

Mikono ikamfika shingoni. Ivonete akaikandamiza honi kwa kiwiko, hana pumzi ya kupiga kelele.

Dereva wa lori la nyuma, Jurandir, ndiye aliyemnasua. Wakamwita Dona Firmina, mama wa maombi anayeuza chakula kando ya foleni. Alikuja na tawi bichi la kupungia pepo, akampigapiga Valdecir nalo mabegani. Lakini alipomfunua kope na kuuona mfuko wa vidonge, akaliweka tawi chini.

“Hajalala siku ngapi?”

“Nne,” akasema Ivonete.

“Basi huyu hatolewi kwa tawi, binti yangu. Mlazeni, mshikeni, na hiyo kahawa mwageni. Jini lake mmelinywesha wenyewe.”

Valdecir alilala saa thelathini. Alipoamka macho yalikuwa yake, akamwita mkewe kwa jina, na Ivonete akalia kwa furaha.

Ndipo akaziona alama shingoni mwa mkewe.

“Nani kakufanya hivi?”

Valdecir akanyoosha mkono ampapase, na vidole vyake vikalala juu ya zile alama, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake.