Gari la Dizeli Lililolala Nyuma

Kisa hiki kilimpata shemeji yangu Elisante, mume wa dada yangu Irene, Februari ya mwaka 2006. Alikuwa fundi kwenye gereji moja ya Ras Al Khor, na kabla ya kwenda Dubai alikuwa ameendesha malori mlima Kitonga kwa miaka sita. Si mtu wa kushtuka ovyo.

Asubuhi moja alifika Mzee Thuwein, Mzanzibari aliyehamia Dubai tangu ujana wake. Alitaka kukodi gari la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani, awapeleke wajukuu zake milima ya Hatta. Arbab, mwenye gereji, alikuwa nayo mawili uani: moja la petroli, moja la dizeli.

"Nambie kweli, mwanangu," Mzee Thuwein alisema. "Wewe ungepanda lipi na wanao?"

"La dizeli, mzee," Elisante alijibu bila kusita. "La petroli ni jepesi, halina kelele, lakini mlimani litahema, na ukishuka utategemea breki mpaka zinuke. La dizeli linavuta polepole, na kwenye mteremko injini yenyewe inalishika gari."

Hata hivyo mzee aliomba yote mawili yajaribiwe kwanza. Angerudi kesho yake kuchagua.

Saa nne wakaondoka kuelekea Hatta. Aloysius, Mkenya aliyefanya naye kazi, alitangulia na la petroli. Elisante akafuata peke yake na la dizeli. Mlimani mambo yakawa kama alivyosema. La petroli likalalamika, mshale wa joto ukapanda, Aloysius akashuka mpaka gia ya kwanza. La dizeli likapanda bila wasiwasi. Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa Elisante: usukani ulikuwa mwepesi mno, kama wa gari lililojazwa mzigo nyuma.

Juu walisimama kupoza injini. Aloysius akaliangalia lile la dizeli, akachuchumaa, akaliangalia tena.

"Umebeba watu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Watu gani?"

"Mbona gari yako imelala nyuma?"

Wakafungua mlango. Ndani hamkuwa na mtu. Hata tangi la maji lilikuwa tupu.

Jua la saa sita lilikuwa utosini walipoanza kushuka. Elisante aliweka gia ya pili, akaondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikalishika gari vizuri. Hakugusa breki.

Nyuma yake mtu akanong'ona, kwa Kiswahili.

"Breki haishiki, baba."

Alitazama kioo. Vitanda. Jiko. Pazia lililotulia.

"Baba. Breki haishiki."

Ndipo pedali ya breki ilipoanza kwenda chini. Yenyewe. Ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama inayokanyagwa na dereva mwenye hofu. Mguu wa Elisante ulikuwa sakafuni. Gari likapunguza mwendo, likasimama kwenye kona, upande wa korongo.

Mlango haukufunguka. Lakini gari liliinuka. Kila fundi anaijua hiyo, springi zinavyoachia mtu anaposhuka. Likainuka mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne.

Alitazama nje. Changarawe na mawe. Hapakuwa na mtu.

Aloysius alishapotea mbele. Elisante akashika gia aondoke.

Kisha gari likaanza kudidimia, kama watu wanaopanda tena. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Kimya.

Wa tano.

Mpaka leo hajui alifikaje chini. Aloysius aligeuza, akamkuta tambarare, injini inaunguruma, mikono imegandia usukani. Alipomuuliza, Elisante alisema neno moja tu la Kiarabu: "Khalas." Basi, imekwisha.

Kesho yake Mzee Thuwein alikuja na wajukuu. Arbab alikuwa pembeni, anasikiliza.

"Chukua la petroli, mzee," Elisante alisema. "Shuka na gia ya kwanza. Simama mara kwa mara, upoze breki."

"Jana si umenambia dizeli?"

"Jana nilikuwa sijaliendesha."

Mzee alimtazama usoni, kisha akawatazama watoto. Alichukua la petroli, na wajukuu zake walikwenda na kurudi salama. Arbab, aliyetaka la dizeli ndilo litoke kwanza, alimfuta Elisante kazi mwezi huohuo.

Siku walipolisafisha lile la dizeli, Aloysius alikuta godoro la nyuma bado limo kwenye nailoni ya kiwandani, haijakatwa popote. Ndani ya nailoni, katikati ya godoro, palikuwa pamebonyea: umbo la mtoto aliyelala amejikunja. Arbab akaamuru godoro litolewe. Gari likauzwa mbali.

Mimi nilifika Dubai Julai 2008. Aloysius alinipeleka nyuma ya gereji. Godoro lilikuwa limeegemea ukuta wa bati juani, nailoni yake nzima. Hakuna aliyekubali kulibeba tena. Bati lilikuwa linaunguza mpaka nikarudisha mkono. Nikaweka kiganja pale palipobonyea.

Palikuwa baridi kama barafu.