Haikuwa Baridi ya Njombe

Lidia alifuga ng'ombe wawili wa maziwa katika kijiji kimoja karibu na misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Aliwakamua mwenyewe kila alfajiri. Maziwa mengi aliyapeleka kwa basi hadi mji wa Makambako, kwenye mgahawa wa rafiki yake Rukaiya.

Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba. Akiamka, mikono ilikuwa imekakamaa kama kuni. Ililegea jua likishapanda.

"Ni baridi tu, Mama Patrick," mumewe Ezekieli alimwambia. "Njombe hii nani haumwi viungo?"

Lidia akanunua vidonge vya maumivu duka la dawa. Akavimeza wiki baada ya wiki. Maumivu yalitulia kidogo, kisha yakarudi. Mwili nao ukawa mchovu.

Siku moja, mlangoni kwa Rukaiya, dumu lilimponyoka. Maziwa yote yakamwagika. Lidia akakaa chini, akalia.

"Nitauza ng'ombe. Siwezi tena."

"Usiuze kitu, dada," Rukaiya alisema. "Baridi gani inavimbisha vidole hivi? Inuka, twende hospitali."

Daktari Anneth alimpima damu. Majibu yalipotoka, alimketisha karibu.

"Mama, damu yako inaonyesha uliambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya C. Tutapima tena kuona kama bado vipo. Vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Lakini kwa watu wengine, mwili ukipambana navyo, viungo huvimba na kuuma."

"Nilivipata wapi, daktari?"

"Huenea kwa damu. Kwa mfano, kuchangia wembe au sindano. Uliwahi kuchanjwa chale?"

"Utotoni. Wembe ulikuwa mmoja, watoto tulikuwa wengi."

"Pengine ni hapo, ingawa hatuwezi kujua kwa hakika. Usinunue tena vidonge vya maumivu bila kutuuliza. Vingine huumiza ini."

Jioni ile Lidia alimweleza mumewe. Wakati wa chakula, Ezekieli alimtengea sahani na kikombe chake peke yake. Lidia hakula. Kikombe kile kilimuuma kuliko vidole.

"Safari ijayo tunakwenda wote," alisema. "Ukamsikie daktari mwenyewe."

Wakaenda. Ezekieli aliuliza habari za vyombo.

"Kuleni pamoja, mzee. Kumbatianeni," Daktari Anneth alijibu. "Usichangie naye wembe, mswaki, wala kitu chochote chenye damu. Na wewe pia upimwe."

Ezekieli alipimwa, akakutwa salama. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Mama Patrick. Niliogopa."

Kipimo cha pili kilionyesha kwamba virusi bado vipo kwenye damu ya Lidia. Akaanzishiwa dawa, vidonge vya kila siku kwa miezi mitatu. Hakuruka hata siku moja. Ezekieli alijifunza kukamua. Ng'ombe walimpiga mateke, Lidia akacheka hadi machozi.

Taratibu uvimbe ulipungua. Miezi mitatu baada ya kumaliza dawa, alipimwa tena.

"Virusi havionekani. Umepona," daktari alisema. "Ila jihadhari na damu ya wengine. Ugonjwa huu unaweza kukupata tena, na hauna chanjo."

Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, Lidia alisimama. Akaeleza yote: chale, vidole, kikombe, dawa.

Watu walipotawanyika, jirani yake Mama Consolata alibaki kwenye benchi. Polepole akatoa mikono yake chini ya khanga. Vidole vilikuwa vimevimba.

"Hospitali hiyo," aliuliza, "utanipeleka lini?"

"Kesho," Lidia akasema.