Jina Mkononi mwa Saraswati

Mkono wa mungu yule wa kike ulikuwa umekatwa kwenye kiwiko, na kitabu ulichoshika hakikuwepo.

Inspekta Hezekiah Makokha alisimama mbele ya ukuta, kofia kwapani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Machi 1958, na shule mpya ya wasichana wa Kihindi mjini Nakuru ilikuwa ifunguliwe saa nane mchana. Ubao wa mvule, mrefu kuliko mtu, ulichongwa Saraswati, mungu wa elimu wa Wahindu, ameketi juu ya yungiyungi, bata mweupe miguuni pake. Mikono minne. Miwili ilipiga kinanda cha nyuzi, wa tatu ulishika tasbihi. Wa nne sasa ulikuwa kigutu.

"Mtu tunaye, afande," alisema Sajenti Kipchoge. "Mlinzi, Kang'ethe wa Dundori. Bwana Mkubwa anasema hii ni kazi ya Mau Mau."

"Amekiri?"

"Amepigwa. Kukiri bado."

Damu ilimpanda Makokha. Siku hizo hata kikombe kikivunjika Nakuru, Mkikuyu wa kukilipia alikuwa tayari seli.

"Alikamatwa na nini?"

"Rungu na tochi."

"Rungu linakata hivi?" Makokha alisogeza lenzi. "Hii ni patasi. Aliyeishika amefuata mkondo wa mbao, kwa hivyo ni fundi. Lakini ona hapa, imeteleza mara mbili kabla ya kuuma. Mkono unajua kazi, ila unatetemeka. Na makali ya patasi yana pengo. Yameacha mstari mwembamba kama uzi."

Mwalimu mkuu, Bi Kamlaben, aliingia, midomo imekazwa kwa hasira.

"Kwa nini mtu achukue kitabu peke yake?" Makokha alimwuliza.

"Sijui. Si dhahabu. Lakini kila alichoshika Saraswati kina maana. Kinanda ni sanaa, tasbihi ni sala, kitabu ni elimu. Huyo bata, ukimpa maziwa yaliyotiwa maji, hunywa maziwa akaacha maji. Hutenga kweli na uongo."

"Nani alichonga?"

"Mistri Jivan, fundi wetu mkuu. Leo tulikuwa tumvishe shada la maua mbele ya wazazi."

Karakana ya Mistri Jivan ilikuwa karibu na reli. Makokha na Kipchoge walimkuta mzee mwenyewe akinywa chai, kikombe kikigonga kisahani. Nyuma yake kijana mmoja, Dalmas Owuor, alichonga ua kwenye mguu wa meza bila hata kulitazama sana, kama mtu anayemenya ndizi.

"Mistri, ule ubao ni kazi yako?"

"Yangu. Mikono hii."

Makokha aliokota kipande cha mbao, akakiweka mbele yake. "Nichongee jani moja."

Mzee alishika patasi. Ncha ilicheza, ikateleza, ikachora mkwaruzo wa ovyo. Katikati ya mkwaruzo kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi.

Makokha aligeuka. "Kijana, nani alichonga Saraswati?"

Dalmas alimtazama mwajiri wake kwanza. "Mimi napiga randa tu, afande."

"Sikuulizi unapiga nini. Kuna mtu seli anavunjwa mbavu."

Patasi ya Dalmas ilisimama. "Ni mimi," akasema. "Miezi kumi na minne."

"Kitabu kiko wapi, Mistri? Jiko la gundi linawaka hapa, lakini sidhani ulikichoma. Nani anachoma kitabu cha mungu anayemsujudia?"

Mzee aliweka patasi chini. Kisha akapiga magoti kando ya sanduku la vifaa, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa chekundu, akakigusisha kwenye paji la uso kabla ya kukikabidhi. Kwenye kurasa za mvule, kwa herufi ndogo kama mchele, iliandikwa: *Dalmas Owuor alichonga*.

"Baba yangu alichonga, na babu yangu," alisema Jivan. "Mikono yangu ilikufa miaka mitatu iliyopita. Huyu nilimfundisha mimi! Nikasema kazi ni yangu. Jana jioni, nikipaka mafuta ya mwisho, nikaliona jina. Ningevishwa maua, na watoto wasimame pale wasome jina la mtu mwingine?"

"Ulisikia lini Kang'ethe amekamatwa?"

"Alfajiri."

"Ukafanya nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilichemsha chai."

Makokha alipiga meza kwa kiganja hadi kisahani kikaruka. "Umeiba jina la mmoja, ukampa mwingine kosa lako, halafu ukachemsha chai! Mfunge pingu, Kipchoge."

Kituoni, Bwana Mkubwa, Mzungu aliyesimamia polisi, hakuinua macho kutoka kwenye gazeti lake. "Basi mwachilie huyo mlinzi. Hakuna haja ya kuandika mengi."

Kang'ethe alitolewa, jicho moja limefumba, taya limevimba.

"Afande, watu wa Dundori wamesikia nimeshikwa," alisema kwa shida. "Ni wapi imeandikwa kwamba sikufanya?"

Makokha alivuta daftari la matukio, akaketi. Aliandika ukurasa mzima kwa wino, ya rungu na ya patasi, kipigo na waliokitoa kwa majina yao. Bwana Mkubwa alikohoa mara mbili. Makokha hakugeuka.

"Nisomee," alisema Kang'ethe.

Makokha alisoma, polepole, kwa sauti ya kusikika hadi nje.

Kang'ethe alifuta damu mdomoni. "Soma tena."