Drafti Nyuma ya Pazia

Clare alikuwa na hamu na baba yake, Okoth, ilhali baba alikuwa katika nyumba hiyo hiyo, nyuma ya pazia.

Zamani, kila jioni Okoth akitoka kazini kwenye reli, wawili hao walicheza drafti kwa vizibo vya soda, mlangoni pao mtaani Mbotela. Okoth alikuwa bingwa wa majigambo. "Leo nakula vizibo vyako vyote," alizoea kusema.

Halafu akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelegea, na maneno hayatoki. Mkewe, Roseline, akatundika pazia na kuficha ubao wa drafti.

"Usiingie huko. Baba apumzike."

Nyumba ikapoa. Clare akaacha kucheza, chakula kikawa hakimshuki, akaanza kukojoa kitandani.

Siku moja jirani yao Nthoki, mhudumu wa afya ya jamii, alikuja kumpima Okoth presha. Akamkuta Clare ameketi sakafuni kando ya pazia.

"Mbona uko hapa?"

"Namsikia akipumua, auntie."

"Si uingie umsalimie?"

Clare akainamisha kichwa. "Mimi ndiye nilimfanya mgonjwa. Nilimshinda drafti mara ya kwanza, nikamcheka. Ndipo akaanguka."

Roseline alikuwa akisonga ugali. Mwiko ukasimama. Machozi yakamlengalenga.

Nthoki akaketi kando ya Clare. "Sikiza. Kiharusi huja mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka kwenye ubongo. Presha ya baba ilikuwa juu, na hakujua. Mchezo hauleti kiharusi. Kicheko pia hakileti."

Akamgeukia Roseline. "Mama Clare, mtoto asipoelezwa hujijibu mwenyewe, na mara nyingi hujilaumu. Mwambie ukweli kwa maneno mepesi. Mwache akae na babake. Okoth anatusikia, anatuelewa. Na huo mkono unataka mazoezi."

Roseline akalivuta pazia. Ubao akautoa mwenyewe.

Tangu hapo pazia halikufungwa mchana. Clare akaanza tena kula, na akawa anaamka kitanda kikiwa kikavu. Okoth naye akajifunza kusukuma kizibo kwa mkono mgonjwa, polepole. Ila Clare hakuthubutu kumshinda.

Jioni moja kizibo cha baba kilikaa wazi, cha kuliwa. Clare akakiona, akasogeza kingine. Okoth akamtazama. Akakigonga kizibo chake kwa kidole. Akagonga tena.

"Anakwambia ule," Roseline alisema.

Clare akala. Akangoja baba aanguke.

Baba hakuanguka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaanza kupanga vizibo upya.